Mkeka wa Bi Sikudhani katika Hoteli ya Amani

Nchi ninayotaka kuwasimulia haiko karibu na kwenu, kwa hiyo someni bila wasiwasi. Ni nchi inayompenda Mungu na inayopenda wageni, na pale mapenzi hayo mawili yalipogongana, Serikali ilimwomba Mungu asubiri kidogo.

Katikati ya mji mkuu wake palikuwa na mtaa uitwao Vibarazani. Nyumba zake zilikuwa za mawe na chokaa, kuta nene, milango mizito, na mbele ya kila nyumba kulikuwa na kibaraza ambapo watu walinyoana, walisukana, waligombana na kupatana. Wenye elimu walisema mtaa ule ulikuwa mkongwe kuliko nchi yenyewe. Serikali iliona huo ni utovu wa nidhamu.

Ndipo Waziri wa Mapokezi ya Wageni, Mheshimiwa Daktari Sefu Tegemeo, alipotangaza redioni kwamba Vibarazani patajengwa Hoteli ya Amani, ghorofa thelathini.

"Wageni wanatoka mbali kuja kuuona mji wetu wa kale," alisema. "Ni aibu wakifika wakakosa pa kulala. Kwa hiyo tutauondoa mji wa kale, ili wapate pa kulala wanapokuja kuuona."

Tulifurahi sana kusikia hivyo, hasa kwa kuwa Waziri alikuwa mtoto wa Vibarazani. Alizaliwa kule, akalelewa kule, na mama yake, Bi Hadia, alihama pale tu mwanawe alipopewa nyumba ya Serikali yenye bustani. Tulisema, huyu hawezi kutudhuru, anajua hata majina ya paka wetu.

*

Sheria ya nchi ile ni ya haki. Inasema mwananchi hawezi kubomolewa nyumba kabla hajatoa maoni. Ili wananchi wasisumbuke, maoni yao yaliandaliwa wizarani, yakapigwa chapa vizuri, yakaletwa Vibarazani kwa gari. Turubai lilifungwa, meza kuu ikavikwa kitambaa, Waziri akaketi, na Mkuu wa Mji, Kanali mstaafu Pazia, akatusomea maoni yetu. Tuliambiwa tumeyapenda.

Akanyoosha mkono Mzee Hemedi Mfaume. Huyu alikuwa mpiga filimbi wa stesheni kabla reli haijauzwa, na aliishi na dada yake, Bi Sikudhani, katika nyumba ya pembeni yenye kibaraza kirefu kuliko vyote.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "wageni watalala hotelini. Sisi tutalala wapi?"

Waziri, simu ikiwa sikioni, alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akakiinua juu. Tulidhani anataka kujifuta jasho. Askari waliokuwa nyuma ya turubai wakatoka, wakamjibu Mzee Hemedi swali lake. Walimjibu kichwani, wakamjibu mbavuni, na alipoanguka wakaendelea kumjibu, kwa maana swali lilikuwa gumu. Damu ilitiririka mpaka kwenye miguu ya meza kuu. Mhudumu mmoja, kijana mwenye adabu, alisogeza chupa za maji ya kunywa zisichafuke.

Alikata roho kwenye kibaraza cha dada yake, kichwa mapajani mwake. Bi Sikudhani alikuwa akimfunga kitenge kichwani, na kila alipokaza, damu ilitafuta pengine pa kutokea.

Gazeti la Serikali liliandika, pamoja na picha yake akiwa kijana, kwamba mzee mmoja wa Vibarazani amefariki dunia kwa kuzidiwa na furaha ya maendeleo. Mungu amlaze pema. Kumbukeni habari hii ya gazeti, kwa sababu ilikuja kuigharimu Serikali.

*

Sasa lazima niwaeleze desturi ya watu wale, maana ninyi wa mbali hamuijui.

Mtu akifa, mwanamke wa karibu yake hutandika mkeka kwenye kibaraza, na mkeka haukunjwi mpaka kifo kijulikane. Anayekuja kuupiga mguu, yaani kuukanyaga au kuukalia, hupewa kikombe cha maji. Mwenye mkeka humuuliza, "Umekuja na nini?" Naye huitikia, "Nimekuja na nilichokiona." Kisha anasema alichokiona katika kifo kile. Kama aliona homa, anasema homa. Kama aliona uzembe wake mwenyewe, anausema. Watoto hucheza mchezo huo tangu hawajaota meno ya pili, na mwitikio wake hutoka mdomoni kama mtu anavyoitikia salamu kabla hajafikiri. Siku kifo kinapojulikana, mwenye mkeka huukunja, watu wanakula, wanarudi kazini.

Baba wa Taifa lile aliipenda sana desturi hiyo. Mama yake alipokufa, mabwana wa kikoloni walivunja nyumba mkeka ukiwa umetandikwa, na yeye aliposhika nchi sheria yake ya kwanza ilisema: palipotandikwa mkeka wa msiba, nyundo isiinuliwe. Sheria hiyo huimbwa shuleni kila asubuhi baada ya sala. Haiwezi kufutwa, kwa sababu anayetaka kuifuta lazima kwanza aiimbe, na akishaiimba watu husimama kwa heshima na kikao huahirishwa.

Bi Sikudhani akatandika mkeka wake.

Jirani yake, Bi Chausiku, mwanamke mnene mwenye mdomo, akaja kukaa naye. Buldoza za Serikali zilifika asubuhi, zikauona mkeka, zikazima.

*

Serikali haikukasirika. Ilimtuma Kanali Pazia na magunia ya mchele.

"Mama, pole na msiba," alisema Kanali, akiwa amesimama mbali kidogo na ukingo wa mkeka. "Serikali imeguswa. Tumekuletea mchele."

"Ahsante, baba," alisema Bi Sikudhani. "Nani alimuua Hemedi?"

"Mama, mchele huu ni daraja la kwanza. Haujachanganywa na chenga."

"Nimeuona, baba. Nani alimuua?"

"Kuna na mafuta."

"Kanali," alidakia Bi Chausiku, "hebu kaa. Umri huo na kusimama hivyo, miguu haikuumi? Mkeka mpana huu."

Kanali alirudi nyuma mpaka akagonga gunia.

"Sisi hatupingi hoteli kwa ubishi," alisema Bi Sikudhani polepole. "Nyumba hii ni yangu, na siitaki hoteli yenu, hilo nilisema na nitakwenda kulisema mahakamani. Lakini mkeka ni jambo lingine. Aje mtu mmoja tu akae hapa, aseme, mimi nilimuua, au mimi niliamuru auawe. Nitaukunja saa hiyo hiyo. Sheria itakuwa haina tena cha kuwazuia. Ni maneno mawili matatu, baba."

Kanali alipeleka ujumbe huo kwenye Baraza la Mawaziri. Walikaa mchana kutwa. Ilionekana kwamba maneno mawili matatu ni gharama kubwa mno, na nchi ni changa. Iliamuliwa kutumia nguvu, kwa kuwa nguvu ilikuwepo tayari ghalani.

*

Tatizo la kwanza la nguvu lilikuwa la kiufundi. Askari walikuwa watoto wa nchi ile ile. Hakuna aliyekubali kuukanyaga mkeka, maana angepewa maji na kuulizwa. Wakasimama pembeni wakipiga kwa kujinyoosha, na virungu havikufika katikati alipokaa Bi Sikudhani. Waliopigwa ni wanawake waliokaa ukingoni. Mkono wa Bi Chausiku ulivunjika mara mbili, juu na chini ya kiwiko.

Serikali ikaagiza virungu virefu. Vilikuja kwa meli kutoka nchi rafiki, vikapokelewa kwa bendi, na Waziri wa Ulinzi wa Ndani akatoa hotuba kuonyesha kwamba taifa sasa lina uwezo wa kumfikia mwananchi popote alipo. Vilikuwa virefu kama miti ya kuangulia nazi. Askari mmoja hakuweza kukiinua peke yake, ikabidi wawe wawili wawili, mmoja ashike nyuma, mwingine alenge.

"Wamerefusha virungu," alisema Bi Chausiku, mkono ukiwa shingoni kwa kanga. "Akili wamesahau kuagiza."

Kirungu kilichofuata kilimng'oa meno ya mbele. Aliyatema kiganjani, akayatazama, akasema hayo yalikuwa yakimuuma tangu Pasaka.

Tulikufa wengi siku zile. Seremala aliyekuwa akipita na mbao alivunjwa shingo kwa kudhaniwa ana kirungu kirefu chake binafsi. Wasichana wawili waliochota maji walipigwa risasi, na ndoo zao zikahojiwa. Lakini kila aliyekufa alikuwa na mama, au dada, au binti, na kila mmoja wao alitandika mkeka. Ilifika mahali Vibarazani yote ikawa mikeka, ukingo kwa ukingo, kutoka kisimani hadi kwa kinyozi, na askari wakakosa pa kuweka buti. Kikosi kizima kilibaki juu ya ukuta wa msikiti, wakishikana viuno wasianguke, wakiomba kuteremshwa. Tuliwapa uji kwa kata ndefu. Mungu anajua tuliwahurumia.

Mwanasheria Mkuu ndiye aliyeokoa nchi. Alitoa tangazo fupi: kuanzia siku hiyo ni marufuku mtu yeyote kufa ndani ya Vibarazani. Waliokwisha kufa bila kibali wahesabiwe wamesafiri. Na kwa kuwa hakuna aliyekufa, mikeka yote ni vitanda vilivyowekwa barabarani kinyume cha usafi.

Wakaja na mafuta ya taa. Walimwagia mikeka kwa mpira kutoka mbali, wakarusha viberiti. Wanawake wengine waliondoka, wengine hawakuondoka. Moshi wa ukindu ni mweupe na una harufu tamu. Ule wa siku ile haukuwa mweupe wote.

Mkeka mmoja tu haukuguswa. Kifo cha Mzee Hemedi kilikuwa kimetangazwa na gazeti la Serikali lenyewe, na gazeti lile halikosei, hilo nalo ni sheria. Mzee Hemedi alikuwa ndiye maiti pekee halali katika mtaa mzima.

*

Mwanasheria Mkuu akasali, akafunga, akapata wazo la pili. Sheria ilisema palipotandikwa mkeka nyundo isiinuliwe. Basi ni pale tu, chini ya mkeka. Haikusema chochote juu ya kuta.

Wapimaji walikuja na futi kamba. Walipima urefu na upana kwa kujiinamia, mmoja akimshika mwenzake mkanda asije akaangukia mkekani. Wakachora mstari wa chokaa kuzunguka, wakamwomba Bi Sikudhani radhi kwa usumbufu.

"Na paa?" aliuliza. "Paa liko juu yangu. Mkilivunja litaangukia wapi?"

"Mama," alisema mpimaji mkubwa, "paa likianguka halitakuwa limeinua nyundo."

Bi Chausiku alikuwa amekaa naye bado, bila meno, mkono umevimba kama kiazi.

"Nenda, shoga," Bi Sikudhani alimwambia. "Wewe una wajukuu."

"Wajukuu wanaye mama yao. Wewe una nani wa kukuchekesha?"

Buldoza zikawashwa. Ukuta wa nyuma ulikwenda kwanza, kisha wa kushoto. Boriti kubwa ya katikati, ambayo babu yao aliisafirisha kwa punda toka msituni, ililia kwanza, ikatulia, ikaanguka upande wa Bi Chausiku. Vumbi lilipotua, Bi Sikudhani alikuwa amekaa katikati ya mkeka wake chini ya mbingu tupu, mweupe kwa chokaa tangu nywele hadi kucha, akishika mkono uliotokeza chini ya boriti. Alikaa ameushika mpaka ukapoa. Kisha watu wa Wizara wakaja, wakaandika kwamba Bi Chausiku amesafiri.

Bi Sikudhani hakuwa na mkeka mwingine wa kumtandikia. Akamkaribisha kwenye ule ule wa Hemedi. Kuanzia siku hiyo ulikuwa mkeka wa maiti wawili, mmoja halali na mmoja msafiri.

*

Hoteli ya Amani ilijengwa kumzunguka. Nguzo zilipanda, marumaru yakamwagwa, taa za vioo zikaninginizwa, na katikati ya ukumbi wa mapokezi, ndani ya mstari wa chokaa, alikaa Bi Sikudhani kwenye sakafu ya kibaraza chake. Kumtoa kulikuwa kinyume cha sheria, maana angebebwa na mtu, na mtu huyo angekanyaga.

Mwekezaji mwenye hoteli alipomwona mara ya kwanza alisikitika. Mara ya pili alifurahi. Wageni walimpenda. Kitabu cha hoteli kikaandika, "Ukumbini utamkuta bibi wa asili akiwa katika utulivu wa kale." Wakamwekea taa ya kijani kwa juu. Watalii walimpiga picha wakiwa nje ya kamba, na wengine walimrushia pipi. Yeye aliswali kwa wakati wake, alikunywa maji yake, akakaa.

Siku ya ufunguzi walikuja mabalozi, majenerali, maaskofu na masheikh, na Mheshimiwa Rais mwenyewe. Matangazo yalikwenda moja kwa moja nchi nzima. Mheshimiwa Daktari Sefu Tegemeo alifungiwa kipaza sauti kidogo kwenye ukosi wa koti, akahutubia kwa muda mrefu. Alisema amani si maneno, amani ni zege. Alisema watu wa Vibarazani waliitoa ardhi yao kwa moyo mkunjufu, na wengi walifurahi kiasi cha kusafiri.

Kisha mpiga picha wa mwekezaji, ambaye alikuwa mgeni na hakujua lolote, akamwomba Waziri akae na yule bibi kwa picha ya jalada.

Ninyi mnaosoma mnadhani angekataa. Angekataa kama angepewa nafasi ya kufikiri. Lakini Rais alikuwa anatazama, mabalozi walikuwa wakitabasamu, na mpiga picha alikwisha kumshika bega na kumsogeza. Kamba ikafunguliwa. Waziri alivua viatu, kwa maana alilelewa vizuri, akakaa juu ya mkeka.

Bi Sikudhani alichukua kikombe, akakijaza, akamnyooshea.

"Sefu mwanangu," alisema. "Umekuja na nini?"

"Nimekuja na nilichokiona," aliitikia Waziri.

Yalitoka yenyewe, kwa sauti ya mtoto, nchi nzima ikasikia. Nasi majumbani, watu wazima tuliokuwa tukitazama televisheni, midomo yetu iliyasema pamoja naye.

Waziri alishika kikombe kwa mikono miwili. Maji yakamwagikia suruali. Alifumbua mdomo kusema jambo jingine, tuliliona likija, la maendeleo bila shaka, likakwama.

"Kunywa, mwanangu," alisema Bi Sikudhani.

Akanywa.

"Nilimwona Mzee Hemedi akiuliza swali," alisema. "Mimi ndiye niliyeinua kitambaa. Nikiinua kitambaa askari hupiga, nikikishusha huacha. Sikukishusha. Nilikuwa nangoja niambiwe. Simu ilikuwa sikioni. Kwenye simu waliniambia, usishushe."

"Nani kwenye simu?"

Waziri aligeuza kichwa kuelekea kwenye viti vya mbele. Hapo taa zikazimika, televisheni ikatuletea kwaya.

Waliokuwepo wanasema gizani ilisikika sauti ya ukindu ukikunjwa. Walipowasha taa, Bi Sikudhani alikuwa amesimama mkeka kwapani. Sakafu ya kibaraza ilikuwa tupu.

"Sehemu ya kwanza imejulikana," alisema. "Pajengeni."

Akatoka kwa mlango wa kioo, ambao ulijifungua wenyewe.

*

Kesho yake gazeti la Serikali liliandika kwamba Mheshimiwa Daktari Sefu Tegemeo amefariki dunia kwa kuzidiwa na furaha ya ufunguzi. Maiti yake ililetwa kwa mama yake ikiwa imefungwa vizuri, na barua iliyomwomba asiifungue. Bi Hadia aliifungua. Alimwosha mwanawe mwenyewe, na waliomsaidia kumgeuza wanasema furaha ile ilikuwa imemvunja vidole vyote.

Alipomaliza kuzika, alichukua mkeka kutoka ile nyumba ya bustani, akatembea nao hadi Ikulu, akautandika mbele ya lango kuu, upana wote wa barabara. Kwa kuwa gazeti lilikwisha kutangaza, kifo kilikuwa halali. Askari wa lango walimtazama, wakatazamana, wakaanza kuimba wimbo wa shule chini chini, kwa sababu hawakujua la kufanya.

Jioni akaja mwanamke mwingine, mkeka kwapani, chokaa bado kwenye kucha. Wale wawili hawakuwa wameongea tangu Vibarazani.

"Mwanao alikuja mkekani kwangu," alisema Bi Sikudhani.

"Nilimwona kwenye televisheni."

"Alisema kweli."

"Nusu," alisema Bi Hadia. "Nusu nyingine wameivunja vidole isishike kikombe. Kaa, dada."

Bi Sikudhani akakaa. Mkeka wake aliutandika kando ya ule, sasa kwa ajili ya Bi Chausiku, ambaye hajarudi safarini.

Gari la Rais halitoki. Dereva wake anasema yuko tayari kufa lakini hayuko tayari kukanyaga. Helikopta ilijaribiwa, rubani naye alisoma shule zile zile, akasema kivuli chake kitapita juu ya mkeka na yeye hajui kivuli kinahesabiwaje. Waliletwa mafundi wa kutoboa mlango wa nyuma, wakaziweka nyundo chini, wakasimama kwa heshima. Virungu virefu vilirudishwa ghalani, kwa maana havikupatikana watu wawili wa kushika kimoja.

Kila asubuhi Bi Hadia hujaza kikombe, akakinyoosha kuelekea langoni, akangoja mpaka mkono uchoke, kisha Bi Sikudhani humpokea kikombe. Dirisha moja la juu lina pazia ambalo husogea kidogo saa hizo. Sisi tunamwombea Mheshimiwa Rais katika kila sala, afya njema na kiu.